Dari la Mzee Badruddin

Mliponiacha wiki jana nilikuwa juu ya ngazi, sebuleni kwa Mzee Badruddin, nimeshika bisibisi iliyozama yote ndani ya boriti, umebaki mpini peke yake.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Samuel Menza, mtu wa Kaloleni, mpangaji wa chumba kimoja Makadara, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa majengo. Utafiti wangu ni wa nyumba kongwe za Mji wa Kale, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye dari za boriti za mikoko. Nataka kujua zabeba uzito gani leo, wakati waliozijenga wamekwisha kufa zamani.

Swali hilo lahitaji nyumba, na wenye nyumba walinifukuza mmoja baada ya mwingine. Bwana Sabir alinifukuza kwa ufagio. Jirani yake, Mzee Badruddin, mwenye duka la leso Biashara Street, ndiye pekee aliyenifungulia mlango na kunipa chai.

Na sasa nilikuwa nimegundua kuwa dari lake limeoza.

Nikachomoa bisibisi. Unga wa mti ukanimwagikia usoni. Nikajaribu boriti ya pili, ya tatu, zote. Ncha zilizoingia ukuta wa upande wa Bwana Sabir zilikuwa laini kama biskuti iliyosahauliwa ndani ya chai.

Nyumba kongwe huoza, na watu hutengeneza. Hilo si la ajabu. Taabu ilikuwa kwamba Jumamosi ile Tahseen, binti wa Mzee, alikuwa na hina yake. Wanawake wa koo mbili wangekusanyika ghorofani, wapambwe mikono, wapige ngoma ya dholaki na wacheze.

Juu ya dari hilo hilo.

Nikaenda dukani mbio.

"Masalkheri, Mzee."

"Masalkheri, injinia! Kaa. Wanywa soda gani?"

"Mzee, nimekuja kwa jambo la nyumba."

"Nyumba haina neno."

"Ina neno, Mzee. Boriti za sebuleni zimeoza. Wanawake wakicheza juu, dari laweza kushuka."

Akaacha kukunja leso. Akatazama kulia na kushoto asije mteja akasikia.

"Babu yangu alioa katika nyumba ile. Baba yangu akaoa mle. Na mimi nikaoa mle. Dari lilinyamaza."

"Lilikuwa zima, Mzee."

"Sasa nisikize, mwanangu. Nilikupa ruhusa ya kuipima nyumba, sikukupa ruhusa ya kuitia maradhi. Wakwe zangu watoka Nairobi. Wakisikia nyumba ya mkwe wao yaanguka, nitauweka wapi uso wangu? Ukilitamka neno hili kabla ya harusi, usikanyage tena mlango wangu."

"Basi wanawake wakae chini."

"Chini ni kwa wanaume."

"Basi wanaume wapande juu."

"Na wanawake wachezee sebuleni, madirisha yatazama njia, kila mpita njia asimame atazame? Menza, huko chuoni wasoma nini wewe?"

Nikatoka na soda yangu mkononi. Bila nyumba ile sina utafiti, na bila utafiti narudi Kaloleni na kofia ngumu na maneno matupu. Lakini bisibisi ilikuwa mfukoni, na kila nilipoigusa nilikumbuka ilivyozama.

Alibaki mtu mmoja wa kunisaidia: Daktari Beryl, msimamizi wangu. Mliokuwa nami tangu mwanzo mwamjua: mwanamke asiyepandisha sauti, na asiyepokea simu. Sura ya pili ya utafiti wangu iko kwake tangu kabla ya mvua.

Nikampigia. Kimya. Nikamtumia picha za boriti.

Akajibu: "Niko nje kikazi. Tuonane wiki ijayo."

Nikaandika: "Daktari, kuna dari litaangukia watu."

Akajibu: "Andika kwa lugha ya kitaalamu."

Hapo nikajua niko peke yangu.

Jumamosi asubuhi nikakodi nguzo za chuma, zile mafundi wanazotumia kushikilia zege likiwa bado bichi, nikazipakia kwenye mkokoteni na kuzifikisha mlangoni kwa Mzee Badruddin. Nilikuwa nimejitungia maneno ya kusema njiani. Sikuyahitaji.

Aliyefungua mlango ni Bi Sugra, dada yake Mzee, jemadari wa harusi nzima.

"Vyuma hivi ni vya nini?"

Kabla sijafungua kinywa, mpambaji aliyekuwa akitundika mataa akaruka kutoka kwenye kiti. "Nguzo! Nani kaagiza nguzo? Zitapendeza mno!"

Nakiri mbele yenu: nilinyamaza.

Nikazisimamisha moja moja chini ya boriti, nikazikaza mpaka zikashika, naye akanifuata nyuma akizivika kitambaa cheupe na mashada ya waridi. Mzee Badruddin akaingia, akaangaza huku na huku.

"Mashallah," akasema. "Kama hoteli." Kisha akanitazama mimi, na nguzo, na mimi tena. Nafikiri alielewa, na nafikiri alishukuru kwamba sikumlazimisha kuelewa kwa sauti.

Ningekomea hapo, leo ningekuwa nawaandikia kisa cha mtu mwerevu.

Masinia ya biriani yalipoanza kupangwa, Bi Sugra akasimama mbele ya nguzo ya katikati, mikono kiunoni.

"Hii yaziba. Iondoke."

"Bi Sugra, hii haiwezi kuondoka."

"Kwani ni pambo au ni mume wa mtu? Ondoa!"

Ikaondoka. Kisha mpiga picha akasema nyingine yamkata bwana harusi kichwa. Ikaondoka. Nyingine mzee mmoja aliegemea, waridi likamchoma sikio. Ikaondoka. Wageni walipoanza kuketi nilikuwa nimebaki na nguzo mbili, zote karibu na mlango, mahali asipokaa mtu kwa sababu ya viatu.

Wanawake wakapanda. Niliwahesabu wakipita, kisha nikaacha kuhesabu kwa ajili ya afya yangu.

Dholaki ikaanza.

Mwanzo walikuwa wakiimba wameketi, na dari likavumilia. Mimi nilikuwa nimekaa na wanaume mbele ya sinia, tonge mkononi, macho juu. Kisha wimbo ukabadilika, miguu ikaanza, na vumbi jembamba la rangi ya kahawa likashuka taratibu, likatua ndani ya bilauri ya maziwa ya baba mkwe kutoka Nairobi.

Akaonja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Faluda hii mmetia mdalasini?"

"Naam," akajibu Mzee Badruddin, akinitazama mimi. "Wa hapa hapa nyumbani."

Kisha boriti ikalia.

Mti mbovu hulia kabla ya kukatika. Wenzangu walidhani ni kiti. Mimi nilisimama, tonge likaniponyoka, nikamwona Mzee Badruddin akinitikisia kichwa polepole: usithubutu.

Nilithubutu. Nikaiendea ngazi.

Chini ya ngazi alikuwa ameketi Bi Sugra juu ya kiti chake.

"Waenda wapi?"

"Juu, Bi Sugra. Kuna hatari."

"Hatari ni wewe kupanda. Wanawake wako vichwa wazi huko."

"Basi waambie wasiruke!"

"Siku ya hina ya mtoto wa kaka yangu niwaambie watu wasicheze? Rudi kwenye biriani."

Sikuwa na njia nyingine. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kuelekea juu kwa nguvu zangu zote:

"Msiruke! Msiruke!"

Dholaki ikapungua kidogo. Nikasikia sauti ya mama mmoja: "Asemaje huyo?"

Na sauti ya pili, yenye furaha: "Asema mruke!"

Vigelegele vikapasua nyumba. Wakaruka, wote kwa pamoja. Sebuleni boriti ikalia tena, safari hii mzee wa waridi akauliza nani amevunja kiti.

"Nimesema *msi*ruke!" nikapiga kelele, sauti yangu ikipasuka kama ya kijana anayebaleghe.

Dholaki ikakoma. Kisha sauti ya upole, sauti ninayoisikia usingizini, ikashuka kutoka ghorofani.

"Menza?"

Akatokea juu ya ngazi, amevaa dera la zambarau, mikono yote miwili ameiinua mbele kama mtu aliyekamatwa, imepakwa hina mbichi kutoka kwenye vidole hadi viwiko.

Daktari Beryl.

"Daktari," nikasema, "ulisema uko nje kikazi."

"Niko nje," akasema. "Na hii," akainua mikono, "ni kazi. Siwezi kushika hata simu."

"Huyu wamjua?" Bi Sugra akashangaa. "Huyu ni mteja wetu wa leso! Kumbe ni daktari? Mbona hukuniambia, na mgongo wangu huu?"

"Si daktari wa migongo, Bi Sugra," nikasema. "Ni daktari wa majengo."

Daktari Beryl akashuka vidato viwili. "Eleza."

Ndugu zangu, watu hutetea utafiti wao katika chumba chenye kiyoyozi, mbele ya wakaguzi na chupa za maji. Mimi nilitetea wangu chini ya ngazi ya Mji wa Kale, juu yangu wanawake wamejazana wakichungulia, nyuma yangu wanaume na masinia yao.

"Ncha gani zimeoza?"

"Za ukuta wa upande wa jirani, zote. Za upande wa pili ni nzima."

"Umejuaje?"

"Bisibisi imeingia hadi mpini."

"Kwa nini upande mmoja tu?"

"Ukuta ule umelowa, Daktari. Mchwa wapenda mti uliolowa."

"Maji ya wapi?"

"Bado sijajua."

"Bado," akasema. "Sura yako ya pili imejaa neno hilo. Haya. Watu wakiketi, dari litabeba?"

"Kwa leo, nadhani litabeba."

"Wakiruka?"

"Kila mmoja huwa na uzito wa watu wawili, na zaidi, kwa sababu wote hutua kwa pamoja."

Nyuma yake mama mmoja akashtuka. "Yaani atuita wanene?"

"Atuita wanene!" wakapokezana ngazi nzima hadi juu.

"Nyamazeni kidogo," akasema Daktari Beryl, na wakanyamaza. Hakuniondolea macho. "Menza. Wakae au washuke? Una hakika, au unadhani?"

Miaka yote miwili ameniuliza swali hilo, na miaka yote miwili nimejibu "nadhani".

Nikageuka. Mzee Badruddin alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule. Hakuwa akitikisa kichwa tena. Alikuwa akinitazama tu kama mtu anayeomba, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko kufukuzwa. Nikakumbuka chai aliyonipa siku ile wengine walinipa ufagio.

"Nina hakika," nikasema. "Washuke."

Daktari Beryl akageuka. "Mabibi, twashuka. Mmoja mmoja, tupite kandokando ya ukuta, hakuna kukimbia."

"Na hina yangu haijakauka!" Hiyo ilikuwa sauti ya Tahseen, bibi harusi.

"Shuka nayo hivyo hivyo, mpenzi."

Wakashuka, mikono yote juu kama jeshi lililosalimu amri. Wanaume wakageukia ukuta, kila mmoja na sahani yake, wasiwaone. Wa mwisho alipotoka nje, wanaume nao wakafuata, na Daktari Beryl akaniambia niingie sebuleni nikaiguse boriti iliyolia.

Sikuigusa sawasawa. Niliiwekea bisibisi tu. Kipande kirefu kama mkono wangu kikachomoka ukutani, kikaanguka katikati ya sinia la biriani pale alipokuwa ameketi baba mkwe.

Baba mkwe akarudi ndani kutazama. Akainama, akaokota kipande, akakibinya, kikawa unga.

"Mdalasini," akasema.

Mzee Badruddin alijishika kwenye fremu ya mlango. "Nisameheni," akasema, na nadhani alituambia sote, mimi, baba mkwe na nyumba yenyewe. Baba mkwe akamshika bega, akamwambia nyumba yao ya Pangani, huko Nairobi, ilibomoka jikoni siku ya mazishi, na hakuna aliyeachana na mtu kwa sababu hiyo. Kisha wakatoka nje wakicheka, mmoja akifuta macho.

Nje kulikuwa na msiba mwingine.

Wanawake wamejazana njiani juani, mikono juu, hina yawatiririka. Kundi la watalii lilikuwa limetoka Ngome ya Yesu, simu zote zimewaelekea, na mwongoza wageni akiwaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba hii ni desturi ya kale ya Mombasa, wanawake huinua mikono kuliomba jua baraka.

"Watupiga picha!" Bi Sugra akalia. "Tuingie wapi?"

Daktari Beryl alikuwa amekwisha kushika usukani. Akaelekeza kidevu nyumba ya pili. "Ile kubwa ni ya nani?"

Ilikuwa ya Bwana Sabir.

Mzee Badruddin na Bwana Sabir hawakuwa wakisemezana. Walikuwa wakipishana njiani kama ukuta na ukuta. Nilijua tu kuwa ugomvi wao ulianzia kwenye maji ya mvua. Zaidi ya hapo kila niliyemwuliza alibadilisha mazungumzo. Na harusi hii Bwana Sabir hakualikwa. Alikuwa ameketi barazani kwake tangu asubuhi, amevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi, akijifanya asoma gazeti.

Akalikunja. Akasimama. Akafungua mlango wake pande zote mbili.

"Tahseen nimembeba mabegani huyu," akasema. "Hatapigwa picha njiani. Ingieni, mama zangu. Ghorofani kuna nafasi."

Wakamiminika ndani na dholaki yao. Bi Sugra akaingia wa mwisho, akatia komeo nyuma yake, maana watalii walikuwa bado wapo.

Mzee Badruddin akamfuata barazani. Wazee wale wawili wakasimama wakitazamana, kisha wakakumbatiana. Mwongoza wageni akawaeleza wageni wake kwamba hiyo nayo ni desturi.

Nilijiona nimekwisha kufaulu maisha.

"Menza." Daktari Beryl alikuwa kando yangu, mikono yake bado hewani. "Kazi nzuri. Lakini nilikuuliza maji ya wapi. Nenda ukatazame sasa."

Nikaenda. Kuna mwanya mwembamba nyuma ya nyumba zile ambapo mtu aweza kuona paa zote mbili. Nikainua kichwa.

Bomba la maji ya mvua la Bwana Sabir limekatikia juu. Kila mvua inyeshapo, maji yote ya paa lake yamwagika moja kwa moja ndani ya ukuta, na ukuta umeota kijani kutoka juu hadi chini.

Nimesema ukuta, si kuta. Kwani nilipotazama vizuri sikuona mwanya kati ya nyumba ile na hii. Zimejengwa zikiegemea ukuta mmoja. Boriti za Mzee Badruddin zimeuingia kutoka upande huu.

Na za Bwana Sabir zimeuingia kutoka upande wa pili.

Nilirudi mbio, nikamkuta Daktari Beryl anapewa faluda, ananyweshwa na mtu.

"Daktari," nikamnong'oneza, "ukuta ni mmoja. Nyumba zote mbili zaulalia ukuta uliolowa. Wewe ndiye... Daktari, wewe ndiye uliyewapeleka kule."

Sijawahi kumsahihisha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsahihisha. Akameza faluda iliyokuwa kinywani. Akajishika paji la uso, akasahau kuwa ana hina, na vidole vyote vitano vikabaki hapo vimechorwa.

"Umeingia ndani ya ile nyumba ukapima?"

"Alinifukuza kwa ufagio."

"Basi huna hakika."

"Sina hakika," nikasema. "Lakini bomba la Bwana Sabir limemwaga maji kwenye ukuta ule miaka na miaka, na..."

Nilikuwa nimesahau kunong'ona.

Mzee Badruddin akageuka polepole. "Si nilisema?" akasema. "Si nilisema ni lile bomba?"

Bwana Sabir akamwachia mkono.

"Umesema bomba la nani?" akaniuliza, akasogea mbele ya mlango wake uliotiwa komeo, akatanua mikono asipite mtu.

Na juu ya vichwa vyetu, ghorofani kwake, wanawake wakaanza kupiga dholaki.